Mashini Isiyopanda Kilima

Olive alipofika nyumbani asubuhi kutoka zamu ya usiku, alisikia feni ya kompyuta kabla hajavua viatu. Ilikuwa sauti nyembamba, ya kung'ang'ania, kama kinu cha mihogo kinachosikika kutoka mtaa wa pili. Akakaa kwenye kiti cha sebuleni, viatu miguuni, akasikiliza. Usiku kucha alikuwa akizalisha wanawake katika kituo cha afya cha Kalundu, maji ya bomba yakakatika katikati ya kazi, na sasa mgongo wake ulikuwa na ombi moja tu, kulazwa.

"Mama Louise, ni weye?" mume wake Gédéon akaita kutoka chumbani.

"Ni minye."

"Kuja uone. Iko inakataa tena kupanda."

Gédéon alikuwa amelala chali, kama alivyolala kwa miezi mingi sasa, mito miwili chini ya kichwa, kompyuta imekalia blanketi juu ya tumbo lake. Kwenye kioo, lori refu jekundu lilikuwa likipanda mlima katika nchi moja ya Ulaya yenye barabara laini kama sakafu. Lakini lilipanda kwa kurukaruka. Linaganda, linaruka mbele, linaganda tena. Gédéon alikandamiza kitufe kwa kidole chote, uso umekunjamana, kama vile mguu wake ulikuwa juu ya pedali.

"Njia iko wazi, muzigo ni mwepesi, na bado inatambaa," akasema. "Utasema mutu amefunga breki."

"Zima, Papa Louise. Nataka kulala."

"Nikifika juu tu."

Hakufika juu. Picha iliganda, kioo kikawa cheusi, feni ikapiga kelele ya mwisho na kunyamaza. Olive akapanda upande wake wa kitanda na sare yake ya kazi mwilini. Blanketi lilikuwa na joto kana kwamba mtu amelipiga pasi. Alilala akiwa amegeukia ukuta, na alipoanza tu kuzama usingizini feni ikaanza tena.

Zamani, Gédéon alikuwa dereva wa malori. Alibeba mizigo kutoka bandari ya Kalundu hadi Bukavu, akipita Luberizi na Kamanyola na zile kona za Ngomo ambazo zimemeza madereva wengi. Mke wake alizoea kuiogopa Ngomo. Kumbe ajali ilimngojea Luberizi, lori likiwa limesimama, injini imezimwa, watu wakipakia mpunga. Kamba ilikatika. Magunia yakashuka juu ya mtu aliyekuwa amesimama chini akijadiliana na mpakiaji kuhusu chakula cha mchana.

Madaktari wa Bukavu waliiunga nyonga yake kwa vyuma. Baadaye wakamrudisha nyumbani Kilibula wakisema mfupa umeshika, kazi iliyobaki ni yake: ajizoeze kukaa, kisha kusimama, kisha kutembea. Akapewa Luc, kine, yaani yule anayezoeza viungo vya wagonjwa, ambaye alikuja nyumbani kwao kila wiki. Mara ya kwanza Luc alipomkalisha ukingoni mwa kitanda, Gédéon aliona giza, akaanguka kifudifudi sakafuni. Maumivu ya siku ile yalimwingia mahali ambapo dawa haifiki. Tangu hapo, kila Luc alipokuja, alipewa jibu lile lile: "Kesho, muganga. Leo nguvu haiko."

Kompyuta ilikuwa ya Louise, binti yao wa pekee. Alisomea kuchora majengo, akapata kazi Kinshasa, na kule ofisini wakampa mashini nyingine. Hii ya masomo, nene na nzito, yenye nguvu ya kuchora picha kubwa, alimletea baba yake alipokuja kumwona, akamwekea ndani mchezo wa kuendesha malori. Gédéon aliuanza kwa dharau. Kabla Louise hajapanda ndege kurudi, baba yake alikuwa tayari anamweleza jinsi waliotengeneza mchezo walivyokosea sauti ya gia.

"Huku hakuna barrière hata moja ya kukusimamisha ulipe," alimwambia Olive siku moja. "Hakuna matope. Hakuna mutu anapanda juu ya muzigo bila kukuomba." Akacheka. Olive alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu Luberizi, kwa hiyo aliiacha feni ivume.

Kisha kikaja kiangazi na vumbi lake, na mashini ikaanza kuchoka. Ikiwa baridi ilikimbia vizuri. Ikishapata moto, lori lilianza kuburuta miguu, kwanza milimani, halafu hata kwenye tambarare. Herufi za upande wa kushoto, zile alizotumia kuendesha, zikawa hazigusiki kwa moto.

Gédéon alishuku umeme wa Kilibula, ambao hauna tabia. Wakavuta waya kutoka kwa jirani yao Generose, ambaye laini yake ilikuwa na nguvu zaidi. Hali ikawa ile ile. Akashuku mchezo, akapunguza mzigo wa lori kana kwamba mashini ilikuwa ikiubeba kweli. Hali ile ile. Mwishowe alimtumia Louise ujumbe wa sauti, na Louise akajibu kutoka Kinshasa, magari yakipiga honi nyuma yake.

"Papa, funga programu zingine zote. Halafu uangalie pilote ya carte graphique, ile programu inayoongoza kadi ya picha, inaweza kuwa ya zamani."

"Pilote!" Gédéon akashangaa. "Basi mule ndani muko dereva mwingine."

Walifanya kila alichosema. Pilote mpya akaingia, naye akashindwa na mlima. Ndipo Louise akatuma programu ndogo inayoandika joto la mashini kwenye kona ya kioo. Gédéon aliitazama namba ile kuliko alivyotazama barabara. Ilipanda pole pole, sitini, sabini, themanini, na ilipopita tisini lori likaanza kugandaganda.

"Nimeielewa," akamwambia mke wake. "Ni kama Ngomo. Sindano ya moto ikienda ku nyekundu, dereva wa akili anaachia mafuta. Hii iko inajiachilia mafuta yenyewe, isiungue."

"Vizuri," Olive akasema, macho yamefumbwa.

"Sasa radiator yake iko wapi?"

"Sijui, Papa Louise."

"Shika hii katoni. Unipepee hapa ubavuni, nione kama namba itashuka."

Olive alishika kipande cha katoni akapepea. Namba ilishuka kidogo, na Gédéon akafurahi sana, akaendelea kuendesha, akimweleza kona anazopita. Olive aligutuka katoni ilipoanguka mguuni pake. Alikuwa amelala wima, kama punda.

Akatoka, akaenda kujinyoosha kwenye viti vya sebuleni, miguu ikining'inia nje. Hapo ndipo palipokuwa kitanda chake tangu siku hiyo. Kazini alianza kusahau mambo madogo. Mwenzake mmoja alimwuliza kama ni mgonjwa, akajibu kwamba nyumbani kwake kuna feni.

Asubuhi moja alirudi akiwa amechoka kuliko kawaida, maana usiku ule mama mmoja kutoka milimani alikuwa amefikishwa akiwa amechelewa. Alichemsha maji ili amwogeshe mume wake kabla ya kulala. Aliposukuma blanketi na kupandisha shati, mkono wake ukasimama. Tumboni na juu ya paja, ngozi ya Gédéon ilikuwa imechorwa mistari myekundu iliyogeuka kahawia, imepishana kama wavu wa kuvulia ndagala. Juu ya paja palikuwa na lengelenge lililopasuka.

"Hii iko inauma?"

"Kitu gani?"

"Hii hapa."

Gédéon aliinua shingo akatazama. "Apana. Sikuisikia hata."

Paja lile lilikuwa na ganzi tangu upasuaji, Olive alijua. Alisafisha kidonda, akakipaka dawa, akakifunga, mikono yake ikifanya kazi kwa ustadi ule ule wa usiku kucha. Kisha akachomoa waya wa kompyuta, akaikumbatia mashini, akaelekea mlangoni.

"Unaipeleka wapi?"

"Haitarudi hapa kitandani tena."

"Mama Louise."

"Nimesema. Imekuunguza na hukusikia. Kesho nitakuta nini? Blanketi inawaka, na weye ndani?" Aliipandisha mashini kifuani. "Nimechoka, Papa Louise. Nimechoka na watu wanaolala chini na kuningoja."

Alijutia maneno hayo kabla hayajamaliza kutoka. Hakuyarudisha. Hata nguvu ya kuyarudisha hakuwa nayo.

Jioni, akienda kazini, aliipitisha kompyuta kwa Candide, fundi mwenye kibanda karibu na njia ya bandarini. Maji ya ziwa yaliwahi kuingia mle, na tangu hapo meza zake zote zilisimama juu ya matofali. Candide aliigeuza mashini, akafungua skrubu, akainua kifuniko cha chini, akapiga mluzi.

"Mama Olive, hii mashini ilikuwa inalala wapi?"

"Kitandani."

"Ona."

Feni ilikuwa imevaa koti. Vumbi na nyuzi za blanketi vilikuwa vimeshikamana vikawa kama kipande cha godoro, vikaziba ule mlango mwembamba wa chuma ambapo joto lilipaswa kutokea. Candide alikichomoa kipande kile kizima kizima kwa koleo dogo. Kisha akafungua mabomba ya shaba, akamwonyesha chini yake mabaki makavu ya dawa ya kijivu, yamepasuka kama udongo wa bonde la Ruzizi wakati wa jua.

"Hii dawa ndiyo inapitisha moto kutoka ku carte graphique kwenda ku chuma. Ikikauka, moto unabaki mule mule. Na feni inavuta hewa kwa chini. Ukiiweka ku blanketi, umeifunga pua."

Alipiga brashi, akapuliza, akafuta, akapaka dawa mpya tone dogo. Alipoiwasha, feni ilivuma chini chini, Olive akalazimika kuinama ili aisikie.

"Imepona?"

Candide aligeuza kichwa, hakutaka kudanganya. "Itatembea. Lakini imeungua muda mrefu, na carte yake imezeeka mbele ya wakati. Mwambieni Papa apunguze mapambo ya muchezo. Vivuli, miti ya mbali, mwangaza ku maji, vyote avitoe. Na iwekwe ku meza, nyuma ipandishwe kidogo, ipate hewa."

Olive aliirudisha nyumbani asubuhi iliyofuata, akaiweka kwenye meza ya sebuleni, mbele ya dirisha linalopokea upepo wa ziwa. Akaingiza vifuniko viwili vya chupa chini ya miguu yake ya nyuma. Akaenda mlangoni pa chumba.

"Imetengenezwa. Candide anasema ni ya ku meza."

Gédéon hakugeuka.

Siku zilizofuata nyumba ilikuwa kimya, na Olive aligundua kwamba kimya kile hakilaliki. Alirudi kitandani kwake, akanyoosha miguu, akabaki macho wazi akisikiliza mume wake akipumua kama mtu anayejifanya amelala. Gédéon alijibu maswali kwa neno moja. Generose, ambaye usiku alipita kumwangalia, alimvuta Olive kando ya uzio.

"Bwana yako hakula jana. Nilimwachia ugali na samaki, nimeikuta vile vile."

"Atakula akisikia njaa."

"Mupe mashini yake, Olive. Ni mutu wa kulala tu. Atafanya nini?"

Olive aliingia jikoni. Ukutani lilikuwa limetundikwa sinia kubwa la bati, gumu, tambarare. Mtu angeweza kuliweka juu ya mapaja ya mgonjwa, mashini juu yake, na hewa ingepita vizuri. Alilishusha. Akasimama nalo kifuani, akawaza kile kicheko cha Gédéon, akawaza pia ngozi yake iliyochorwa wavu, na miguu yake iliyokuwa ikikonda kila alipoiogesha. Akalirudisha sinia ukutani. Hakujua kama alichokifanya ni uuguzi au ni hasira. Alienda kulala bila kuamua.

Luc alikuja siku yake ya kawaida, asubuhi, akiwa na mkoba wake na fimbo mbili za kutembelea ambazo hubeba kila mara na kurudi nazo. Olive alikuwa ndiyo kwanza amefika. Luc alianza kunyoosha miguu ya Gédéon kitandani, kama kawaida, akingojea kuambiwa kesho.

"Muganga," Gédéon akasema, "kutoka hapa mpaka ile meza, mutu anaweza kufika?"

Luc alitazama mlango, akatazama meza. "Tukikushika, ndiyo."

"Na nikizimia?"

"Tutakuwa tumekushika."

Gédéon alimtazama mke wake kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi. Olive alivua saa yake, akaiweka dirishani, akaja upande wa kulia.

Walimkalisha ukingoni, wakangoja. Jasho lilimtoka, midomo ikawa ya kijivu. Luc alimwambia apumue, atazame ukuta, asitazame sakafu. Wakangoja tena. Walipomwinua, Gédéon alitoa sauti ambayo Olive aliifahamu vizuri, maana aliisikia kila usiku kazini, na mwili wake ukajua wenyewe la kufanya. "Njo, njo pole," akamwambia. "Usishindane nayo. Njo." Wakaenda, mguu baada ya mguu, wakapumzika kwenye fremu ya mlango, wakaenda tena. Walipomshusha kwenye kiti chenye mto, Gédéon alikuwa analia bila aibu, na Luc alikuwa amelowa jasho kama aliyetoka ziwani.

Hakuna aliyeshangilia. Walikaa watatu, wakinywa maji.

Baada ya Luc kwenda zake, Gédéon aliwasha mashini. Akaingia kwenye mipangilio, akaondoa vivuli, akaondoa miti ya mbali na mwangaza wa maji, kama Olive alivyomweleza. Lori jekundu likatokea katika nchi iliyokuwa sasa kama imechomwa moto, vilima vitupu, nyumba zisizo na madirisha.

"Imekuwa mubaya," Olive akasema.

"Iko inatembea."

Namba ya joto ilipanda, ikafika sabini na kitu, ikatulia hapo. Lori lilianza mlima. Katikati ya mlima picha ilishituka mara moja, mara mbili, na Gédéon akashika pumzi. Lakini haikuganda. Lilipanda pole pole, likafika juu, upande wa pili ukafunguka.

"Sinia ingetosha," Gédéon akasema, macho kwenye barabara. "Ile ya jikoni. Ungeiweka hapa ku mapaja."

"Nilijua."

"Na minye nilijua."

Olive alingoja aendelee, lakini Gédéon alikuwa anapunguza mwendo kwa ajili ya kona. Basi alimwachia chupa ya maji karibu na mkono, akaingia chumbani, akafungua vifungo vya sare. Alilala katikati ya kitanda, mahali ambapo palikuwa hapajawa wazi tangu mume wake arudishwe. Alisikia kwa mbali mlio wa injini ya uongo, kisha hakusikia chochote.

Alipoamka jua lilikuwa limehamia upande wa milima na watoto wa jirani walikuwa wamesharudi kutoka shuleni. Nyumba ilikuwa kimya. Aliruka kitandani kwa hofu, akakimbilia sebuleni.

Gédéon alikuwa bado kwenye kiti. Kompyuta ilikuwa imezimwa, imefunikwa. Viwiko vyake vilikuwa mezani na kichwa kimelala juu ya ngumi, na shati lake lilikuwa limelowa mgongo wote. Alikuwa ameuma meno.

"Tangu saa ngapi uko hivi?"

"Tangu zamani kidogo. Mashini haikuchoka leo. Nimechoka minye."

"Mbona hukuniita?"

"Ulikuwa umelala," Gédéon akasema.

Olive alisimama pale pale, miguu mitupu juu ya saruji. Baada ya muda mfupi angepaswa kuoga, kupika kitu, na kurudi tena Kalundu. Aliinama, akapitisha bega lake chini ya kwapa la mume wake, akamzungushia mkono kiunoni juu ya vile vyuma.

"Kwa tatu," akasema. "Na usinikamate shingo."

Akahesabu.